Kupata turbo ya mtumba inayolingana na gari lako, kutoka Nakuru hadi Kisumu

Gari la turbo likianza kuishiwa nguvu ukipanda kutoka Salgaa kwenda Mau Summit, moshi ukifuata nyuma, ushauri wa kwanza utakaopewa karibu kila mara ni mmoja: turbo imekwisha, tafuta nyingine. Turbo mpya kutoka kwa wakala wa kampuni ina bei ya kuumiza, ndiyo maana wengi wetu huku Bonde la Ufa na magharibi huelekea moja kwa moja kwa wauzaji wa vipuri vya mtumba. Ni njia nzuri. Turbo iliyotolewa kwenye injini iliyokuwa ikibadilishwa oili kwa wakati inaweza kukutumikia miaka mingi. Kinachoharibu shughuli ni namna tunavyonunua. Mtu anabeba turbo yake mbovu kwenye gunia, anaiweka juu ya meza ya duka, muuzaji anatoa nyingine inayofanana nayo, wanahesabu matundu ya bolti pamoja, pesa zinatumwa kwa M-Pesa. Kabla mwezi haujaisha taa ya injini inawaka, au moshi wa bluu unarudi, na muuzaji anasema fundi ndiye aliyeharibu.

Turbo hununuliwa kwa namba, hukaguliwa kwa vidole, na haifungwi mpaka ujue ile ya kwanza iliuawa na nini. Tutafuata mpangilio huo, ila tuanzie nyuma kidogo, kwa sababu turbo nyingi hulaumiwa bila kosa.

Hakikisha kwanza turbo ndiyo mbovu

Turbo ina feni mbili kwenye shafti moja. Feni ya upande wa moto husukumwa na moshi unaotoka kwenye injini. Feni ya upande wa baridi huvuta hewa safi na kuisindilia ndani ya injini. Shafti hiyo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kwenye turbo ndogo za magari ya kibinafsi inaweza kupita 200,000. Kwenye turbo nyingi, kinachoizuia isisagane na beringi zake ni utando mwembamba wa oili tu. Ukilishika hilo, mengine yote hapa yataeleweka.

Moshi mweusi pamoja na kukosa nguvu mara nyingi humaanisha hewa haitoshi. Huenda mpira kati ya turbo na intakula, kile kipozeo cha hewa inayosindiliwa, umepasuka, klipu imelegea, filta ya hewa imejaa vumbi la murramu, au kile kimpira chembamba cha vakyum kimekauka na kufanya ufa. Kagua mipira yote kwa tochi, na uipapase upande wa chini usioonekana. Mahali panapovuja hewa huwa na unyevu wa oili ulioshika vumbi. Nimeona turbo nzima kabisa zikitolewa kwenye gari kwa sababu ya mpira ambao ungebadilishwa kwa dakika kumi.

Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Inaweza kutoka kwenye turbo, na inaweza pia kutoka kwenye pete za pistoni, kwa hiyo pima mgandamizo wa injini kabla ya kutoa hukumu. Mlio wa king'ora unaopanda na kushuka pamoja na mwendo wa injini ni dalili nzito zaidi ya turbo kuchoka. Mluzi mwembamba wa hewa, kwa upande mwingine, huwa ni uvujaji.

Mashine ya kusoma makosa ikikuonyesha P0299, inasema presha ya turbo iko chini. P0234 inasema imezidi. Hizo ni taarifa za presha. Hazisemi turbo imekufa, na fundi anayekuonyesha msimbo huo kama ushahidi pekee aambiwe aendelee kutafuta.

Injini ikiwa imezimwa na imepoa, toa mpira unaoingiza hewa kwenye turbo, ingiza kidole na uguse feni. Ikiwa inazunguka laini, haigusi ukuta, na kingo zake ni nzima, kuna uwezekano mkubwa unatafuta ugonjwa mahali pasipo pake. Ikiwa inagusa ukuta, imekwama au imevunjika meno, basi safari ya vipuri imeanza.

Iliuawa na nini?

Watu hupita hatua hii mbio, na ndiyo inayowafanya wanunue turbo mara mbili.

Turbo hufa kwa sababu chache: kukosa oili, kupata oili chafu, kumeza kitu kigumu, au joto la kupita kiasi. Ile mbovu inabeba ushahidi. Shafti iliyogeuka rangi ya bluu au zambarau imeungua kwa kukosa oili. Beringi zilizochubuka mistari zimepitiwa na uchafu. Feni ya baridi iliyong'atwa kingo imemeza kitu kilichopita kwenye filta, na feni ya moto iliyong'atwa imepigwa na kipande kilichotoka ndani ya injini yenyewe, iwe ni ncha ya plagi, kipande cha vali au cha manifoldi, bomba linalokusanya moshi wa injini. Katika hali hiyo ya mwisho, kununua turbo kabla ya kuifungua injini ni kutupa pesa.

Ikiwa ilikosa oili, fuata bomba linaloileta. Kwenye injini za Subaru za EJ zenye turbo, mojawapo ya bolti zenye tundu ndani za bomba hilo huwa na kichujio kidogo cha wavu ndani. Oili ikikaa muda mrefu bila kubadilishwa, wavu ule huziba, na turbo ya pili hufa kwa njia ileile iliyoiua ya kwanza. Kwenye dizeli, masizi hukauka ndani ya bomba mpaka tundu linabaki jembamba mno. Bomba la kurudisha oili nalo likiziba au likibonyezwa, oili haina pa kwenda, inapenya kwenye sili, na turbo nzima inaonekana kana kwamba ndiyo inayovujisha.

Halafu fungua intakula. Turbo iliyovuja huijaza oili, na injini ya dizeli inaweza kuivuta oili hiyo na kuitumia kama mafuta ya kuendeshea. Inapaa mwendo yenyewe, unageuza funguo na haizimiki. Ni hatari kwa injini na kwa aliyesimama karibu nayo. Toa intakula, imwage, ioshe, ikauke, na hakikisha hakuna vipande vya alumini vya feni iliyovunjika vilivyobaki ndani. Fanya hivyo ungali unatafuta turbo, usisubiri ifike.

Namba

Turbo nyingi zina kibati kidogo kilichobanwa kwenye gamba la alumini la upande wa baridi, lile lenye umbo la konokono. Kisugue kwa kitambaa chenye dizeli kidogo, usitumie brashi ya waya kwa sababu itafuta maandishi, kisha piga picha mwanga ukitokea ubavuni. Utakuta namba zaidi ya moja, na kila moja ina kazi yake.

Kuna namba ya kampuni ya gari. Ya Toyota huanza na 17201, kistari, halafu alama tano nyingine. Nissan na Subaru hutumia 14411 mwanzoni. Kuna pia namba ya aliyetengeneza turbo yenyewe. Garrett huandika tarakimu sita, kistari, na kundi la pili linaloonyesha toleo. Za Mitsubishi Heavy Industries huanza na 49, tarakimu tano kila upande wa kistari. Za BorgWarner za jamii ya K03 huanza na 5303, za K04 na 5304. IHI huweka alama kama VF au VT ikifuatwa na tarakimu, pamoja na jina la aina kama RHF4 au RHF5. Toyota wana jina lao la aina pia: CT16V, CT12B, CT26 na nyinginezo.

Jina la aina peke yake halitoshi. Hapa ndipo wauzaji wengi huteleza, hata walio waaminifu. "Hii ni CT16V, na yako ni CT16V, inaingia bila maneno, bosi." CT16V zipo za Hilux na za Prado, na hata zinapokuwa za injini moja ya 1KD-FTV, zinaweza kutofautiana kwenye mota inayosogeza mapezi ya ndani, yale yanayoelekeza moshi kwenye feni, soketi yake ya umeme, au upande hewa inapotokea. Kinacholinganishwa ni namba nzima, tarakimu kwa tarakimu.

Kama kibati kimepotea, tumia namba ya chesisi. Magari yaliyouzwa kwanza Japani hayana ile namba ndefu ya herufi 17. Yana msimbo wa modeli, kistari, kisha namba ya gari lenyewe. Katalogi za vipuri za mtandaoni hukubali namba hiyo, na dawati la vipuri la wakala wa kampuni pia linaweza kuisoma. Msimbo ule una habari nyingi. Chukua Hiace za matatu: KDH200 ilitoka Japani na injini ya 2KD-FTV ya lita 2.5, na KDH201 ilitoka na 1KD-FTV ya lita 3.0. Ukizitazama kituoni hazina tofauti, lakini turbo zao hazibadilishani. Forester nazo: SG5 ya turbo ina injini ya EJ205, turbo yake ikikaa juu nyuma ya injini, SJG ina FA20 na turbo yake iko chini mbele. Mtu akikuuliza tu "Forester ya mwaka gani?" kabla ya kukuletea turbo, hajauliza swali linalotosha.

Jambo moja la huku kwetu: injini hubadilishwa sana. Logbuku inaweza kusema injini moja na chini ya boneti ikawa nyingine. Soma namba iliyochongwa kwenye bloku yenyewe kabla ya kuamini karatasi.

Kampuni pia hubadilisha namba miaka ikipita. Ukikuta turbo nzuri ambayo namba yake si ileile, tafuta kwenye katalogi kama yako ilirithiwa na hiyo. Ikiwa ndivyo, sawa. Ikiwa namba zinakaribiana tu lakini hakuna urithi, usikimbie wala usinunue. Ziweke sambamba na ulinganishe mambo haya: idadi na umbali wa bolti upande wa manifoldi na upande wa ekzosi, kama inapozwa kwa oili peke yake au ina matundu ya maji pia, ukubwa na mahali pa tundu la kuingiza oili, bomba la kurudisha oili litaelekea wapi, mdomo wa hewa unatazama upande gani, na akchueta, kifaa kinachosogeza mapezi au kipepeo cha presha, ni ya presha, ya vakyum au ya umeme. Upande mdomo unakotazama unaweza kurekebishika kwenye turbo nyingi kwa kulegeza gamba na kulizungusha. Akchueta ya umeme iliyotengenezewa gari lingine ni shida, maana kompyuta ya gari haitaelewana nayo.

Usikubali turbo kubwa zaidi kwa sababu "itaongeza nguvu". Kompyuta ya gari imepangwa kwa ukubwa mmoja wa feni. Ukibadilisha, utapata gari zito kuondoka na presha isiyotabirika. Wala usikubali turbo ya dizeli kwenye injini ya petroli. Moshi wa petroli unaweza kupita nyuzi joto 900, wa dizeli huwa chini yake, na vyuma vya turbo ya dizeli vinachaguliwa kwa joto hilo la chini.

Mwenye Mazda CX-5 ya dizeli ya lita 2.2 ajue kwamba injini yake ina turbo mbili, ndogo na kubwa, zinazopokezana. Nunua seti nzima ikiwa pamoja.

Pa kutafuta

Nakuru anza na Industrial Area na karakana za Shabab. Kisumu zungukia Kibuye na maduka ya barabara ya Obote. Eldoret nako kuna wauzaji wazuri, hasa wa vipuri vya pikapu na malori. Ujue tu kwamba muuzaji asiyekuwa na turbo yako atapiga simu Nairobi, mara nyingi Kirinyaga Road, na itakuja usiku kwa basi na faida yake juu. Hakuna ubaya, mradi utumiwe picha ya kibati na video ya feni ikisukumwa kwa kidole kabla haijapakiwa, na matundu yote ya turbo yazibwe kwa utepe kabla ya safari. Chembe moja ya mchanga kwenye tundu la oili inatosha kuiua.

Turbo ninayoipenda kuliko zote ni ile ambayo bado imefungwa kwenye injini yake. Wauzaji wengine huagiza nusu za magari kutoka Japani, pua na injini zikiwa pamoja. Ukiikuta hivyo, fungua kifuniko cha kumiminia oili cha injini hiyo na utazame chini yake kwa tochi. Rangi ya asali au kahawia nyepesi ni dalili njema, hasa kwenye petroli. Ukikuta lami nyeusi iliyoganda, turbo ile imeishi kwa kunywa lami hiyo, na haijalishi nje inang'aa vipi. Pia hapo unasoma namba ya injini kwa macho yako mwenyewe, ubishi wote unaisha.

Magari yaliyogongwa hapa nchini nayo hutoa turbo nzuri, na faida yake ni kwamba unaweza kuuliza lilikuwa la nani na lilikuwa linafanya kazi gani. Turbo ya gari la ofisi lililokuwa likienda gereji kwa ratiba ni tofauti na ya lori la miwa lililopita Chemelil na Muhoroni likiwa limejaa mchana kutwa.

Iliyopakwa rangi ya fedha nzima iogope. Rangi hufunika nyufa, na mara nyingine hufunika turbo ya kuiga iliyozeeshwa ionekane ya asili. Kibati chenye ripiti mpya juu ya turbo kuukuu ni alama nyingine ya kukufanya urudishe mkono mfukoni.

Kukagua mezani

Beba tochi, kitambaa cheupe, simu yenye picha ya kibati chako, kipande cha mpira wa vakyum, na bomba kubwa la sindano la mililita 60, lile lisilo na sindano yenyewe, linalouzwa duka la dawa. Muuzaji atakushangaa. Mwache.

Zungusha feni kwa ncha ya kidole. Inapaswa kwenda laini na kusimama taratibu, bila kukwaruza. Kisha shika ncha ya shafti na uisukume kando, juu na chini. Hapa watu hukosea kwa pande zote mbili. Turbo ya beringi za kawaida ikiwa haina oili ndani lazima icheze kidogo kando, kwa sababu nafasi hiyo ndiyo ya utando wa oili. Mchezo huo si ugonjwa. Ugonjwa ni feni kugusa ukuta. Rudia ukiwa unaizungusha na kuisukuma kando kwa wakati mmoja, pande zote. Ikigusa popote, iache.

Sasa ivute na kuisukuma mbele na nyuma, kwa urefu wa shafti. Huku hali ni tofauti kabisa. Mchezo unaoruhusiwa ni chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita, kitu ambacho kidole karibu hakikisikii. Ukisikia tik-tik ya wazi, beringi ya kuzuia msukumo imeliwa. Hiyo haina mjadala wa bei.

Mulika kingo za feni moja moja. Kwenye feni ya alumini, meno yaliyong'atwa au yaliyopinda mbele yanaonyesha ilimeza vitu. Kingo zilizolika zikawa nyembamba kama za kisu ni kazi ya vumbi, kasoro inayoonekana sana kwenye magari yaliyokimbizwa murramu na filta mbovu. Mkato mdogo nadhifu uliosagwa kwenye nati ya katikati au nyuma ya feni si kasoro. Ndiko kiwandani walikopunguza chuma ili ikae sawa. Tazama pia ukuta wa gamba: mstari unaong'aa kuzunguka unaonyesha feni imewahi kugusa.

Geukia upande wa moto. Masizi makavu ya kijivu au kahawia ni mazuri. Oili mbichi au mkaa mnato kuzunguka feni ya moto unaonyesha sili imechoka au injini ile ilikuwa inakula oili. Tafuta nyufa kwenye chuma, hasa karibu na tundu la kipepeo kinachopunguza presha. Vimistari vyembamba kama unywele hapo ni vya kawaida kwenye turbo zilizofanya kazi. Ufa unaoingiza ukucha, au unaokwenda kufika mahali pa bolti, hapana.

Pitisha kitambaa cheupe ndani ya mdomo wa kutolea hewa. Unyevu mwepesi wa oili usikutishe, kwa maana mvuke wa injini hupita huko. Oili inayojaa mkunjo mpaka inadondoka ni jambo jingine. Kisha mulika tundu la kuingiza oili. Ukiona mkaa umejipanga pembeni, turbo hiyo ilizimwa ikiwa moto kila siku.

Akchueta ndiyo hupimwa na wachache. Ile ya vakyum, inayopatikana kwenye pikapu nyingi za dizeli, chomeka mpira na bomba la sindano, uvute. Fimbo yake itembee laini safari nzima bila kushikashika, na ibaki pale ulipoishikilia. Ikirudi yenyewe taratibu ilhali umeshika bomba, utando wa ndani umetoboka. Ikienda kwa mikwamo, mapezi ya ndani yameshikwa na masizi. Hayo husafishika, kwa hiyo ni sababu ya kupunguziwa bei kuliko kuondoka. Ile ya presha hupimwa kwa pampu ya mkono yenye geji, polepole, bila kuvuka bar moja. Ya umeme, kama ya 1KD-FTV, huwezi kuipima mezani. Kagua pini za soketi zisiwe na kutu ya kijani, na ulinganishe namba ya mota.

Kuna skrubu ndogo ya kikomo karibu na mkono wa mapezi, mara nyingi ikiwa na alama ya rangi au sili kiwandani. Ikiwa imefunguliwa, mtu ameshaichezea turbo hiyo. Ilipimwa kwa mtiririko wa hewa kiwandani na hairejeshwi kwa kukadiria.

Ukikosa turbo nzima

Unaweza kukuta gamba zako mwenyewe ni nzima na kilichoharibika ni kiini cha katikati, yaani katriji yenye shafti, feni na beringi. Katriji ya namba inayolingana inaweza kuingizwa kwenye gamba zako, na mara nyingi hiyo ndiyo njia bora kwa turbo adimu. Sharti moja tu: iwe imesawazishwa kwa mashine, na karatasi ya kipimo iwepo. Kubadilisha beringi kwenye benchi la jua kali bila kusawazisha, kwa kitu kinachozunguka mara 100,000 na zaidi kwa dakika, hakudumu. Mafundi wetu wana mikono mizuri, lakini kazi hii inataka mashine.

Bei na risiti

Jumlisha kabla ya kupatana: turbo, seti ya gasketi, washa za shaba, bomba jipya la oili, oili na filta, kazi ya fundi. Ukipatana bei ya turbo peke yake utaishia kurudisha gasketi kuukuu.

Risiti iandikwe namba kamili ya turbo, tarehe, na siku za kuirudisha kama haikuingia au inavujisha. Piga picha kibati mbele ya muuzaji na mkubaliane alama ya rangi mahali pasipofutika. Ikibidi kurudi, hakutakuwa na "hii siyo yangu". Muuzaji asiyetaka kuandika risiti kwa kipuri cha bei hii huenda hajui, au hataki kusema, kimetoka kwenye gari la nani.

Kuifunga

1. Badilisha oili na filta kwanza. Tumia daraja linalotajwa kwenye kitabu cha gari, kutoka duka unaloliamini. Oili bandia ipo sokoni. Dizeli yenye kichujio cha masizi inataka oili yake maalumu.

2. Weka bomba jipya la kuleta oili, au lioshe lililopo mpaka uone mwanga upande wa pili. Bomba la kurudisha lishuke bila kukunjwa.

3. Gasketi na washa zote ziwe mpya. Usiruhusu silikoni kwenye viungo vya oili. Inaminywa ndani, inakatika, na kipande chake kinaziba tundu.

4. Mimina oili safi kwenye tundu la turbo huku ukizungusha feni kwa kidole, mpaka ianze kutokea chini.

5. Zuia injini isiwake, kwa kutoa fyuzi ya pampu ya mafuta au soketi za injekta, na uizungushe kwa stata vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime. Rudisha ulichotoa, iwashe, na iache iungurume taratibu dakika kadhaa bila kukanyaga mafuta. Fundi atakayekanyaga ili "asikie turbo ikiamka" mzuie mkono.

6. Tazama uvujaji, zima, ngoja, pima oili tena. Bomba na turbo vimechukua kiasi, utahitaji kuongeza.

Akchueta ya umeme inaweza kuhitaji kupangwa kwa mashine ya kompyuta baada ya kufungwa. Uliza kama fundi anayo kabla hujampa kazi.

Moshi utatoka mwanzoni, oili iliyobaki kwenye ekzosi inaungua. Unapaswa kupungua na kwisha ndani ya muda mfupi wa kuendesha. Ukizidi, simama.

Ijaribu mlimani

Kuzunguka mjini hakutakuonyesha kitu. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Timboroa inapita 2,700. Hewa huko juu ni nyepesi, kwa hiyo turbo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kutoa presha ileile, na uvujaji mdogo usioonekana Kisumu kwenye mita 1,130 hujitokeza wazi. Aliye Nakuru apande Salgaa hadi Mau Summit. Aliye Kisumu avuke Ahero na Awasi apande mpaka Kericho, iliyo juu ya mita 2,000. Endesha kwa mwendo wa kawaida, gia ya kutosha, na mtu pembeni akisoma presha kwenye mashine ya makosa ikiwa inaweza kuonyesha. Sikiliza king'ora, tazama kioo cha nyuma kwa moshi.

Ukifika juu, acha injini iungurume taratibu dakika moja au mbili kabla ya kuzima ili oili ipoze shafti, na fanya hivyo kila unapotoka mlimani na mzigo. Kisha fungua boneti, papasa viungo vya mipira ya intakula kwa kitambaa, na ukaze klipu tena injini ikishapoa. Rudia kupima oili asubuhi inayofuata, na tena baada ya wiki. Turbo ya zamani usiiuze kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu mpaka siku za kurudisha zipite, maana gamba lake, mota yake au hata bolti zake zinaweza kuhitajika.